Kifaa Kinapopiga Hodi: Kuiandaa Kerneli ya Linux Ipokee Kinachochomekwa

Jumamosi moja usiku niliamua kuinyoa kerneli. Kompyuta ilikuwa ya mezani, ya mtumba, mali ya mteja mwenye duka la jumla hapa Morogoro, na alichotaka ni kimoja tu: iwake upesi asubuhi kabla wateja hawajajaa. Niliibeba nyumbani peke yake. Modemu, printa ya risiti na skana ya bakodi vilibaki dukani, maana nani abebe fungu la nyaya kwenye bodaboda? Nikachomeka kibodi yangu na kipanya changu, nikapakua msimbo wa kerneli, nikaandika make localmodconfig, nikaiacha ikompaili huku nakunywa chai. Kufika saa nane usiku mashine ilikuwa inawaka kwa kasi hadi nikajipongeza.

Jumatatu nikairudisha. Nikachomeka modemu: kimya. Nikachomeka printa ya risiti, ile inayopitia waya wa kugeuza USB kuwa siriali: kimya. Skana ikawasha taa yake nyekundu, ikalia "pii", na namba za boksi la sabuni zikajiandika kwenye skrini kama kawaida. Mwenye duka akanitazama, akawatazama waliopanga foleni, akaniuliza kwa upole ulioniuma kuliko matusi: "Fundi, si ulisema umeiboresha?"

Ukijua kwa nini skana ilikubali na vile viwili vikagoma, umeshaishika nusu ya habari hii. Skana nyingi za bakodi hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi. Nyumbani kulikuwa na kibodi ya USB, kwa hiyo draiva ya kibodi ilikuwa imeshapakiwa wakati localmodconfig inahesabu. Modemu na ule waya havikuwapo, vikahesabiwa kuwa havipo duniani. Ndivyo chombo hicho kinavyofanya kazi tangu Steven Rostedt alipokiingiza kwenye kerneli 2.6.32 mwaka 2009: kinasoma moduli zilizopakiwa kwa wakati ule, zile ambazo lsmod inaziorodhesha, na kuzima takriban zote zilizobaki. Ni sawa na kuandikisha wanafamilia kwa kuhesabu waliolala ndani usiku mmoja. Waliosafiri wamekwisha.

Kosa langu halikuwa la amri. Nilidhani "chomeka utumie" ni swichi moja ndani ya menyu: ukiiwasha ipo, ukiizima haipo. Kumbe ni mazungumzo. Kifaa kinapiga hodi na kutaja jina lake. Kerneli inasikia na kutangaza kwamba kuna mgeni. Programu ya udev inatafuta ni nani anayemjua mgeni huyo. Draiva inatoka na kumkaribisha. Mmoja wao akikosekana, mgeni anabaki mlangoni na wewe unabaki unachomoa na kuchomeka, unachomoa na kuchomeka.

Tuyaangalie mazungumzo hayo yakitokea. Fungua dirisha la amri, andika sudo dmesg -w, kisha chomeka ule waya wa siriali wenye chipu ya CH340, ambao umejaa kila duka la vifaa vya umeme. Utaona mistari ya namna hii:

usb 1-2: new full-speed USB device number 5 using xhci_hcd
usb 1-2: New USB device found, idVendor=1a86, idProduct=7523

Hapo hodi imepigwa na kusikika. 1a86 ni ukoo, yaani mtengenezaji; 7523 ni jina la kifaa. Ukiona mistari hii ujue waya ni mzima, poti ni nzima, na kerneli ina masikio. Usipoiona, usiguse draiva yoyote: tatizo liko chini zaidi. Na ukiona "device descriptor read/64, error -71", acha kabisa kuihangaikia kerneli. Hiyo ni hitilafu ya mawasiliano, na mara nyingi dawa yake ni waya mwingine, au poti ya nyuma ya mashine badala ya ile ya mbele iliyolegea. Nimeshamwona mtu akikompaili kerneli siku nzima kwa ajili ya waya uliong'atwa na panya.

Sasa jina kamili. Chungulia /sys/bus/usb/devices/1-2:1.0/modalias na utakuta mfuatano mrefu unaoanza na usb:v1A86p7523, ukifuatiwa na namba za toleo na aina ya kifaa. Upande wa pili, ndani ya /lib/modules kwenye folda la kerneli yako, kuna faili liitwalo modules.alias, ambalo ni daftari la majina: jina fulani likiitwa, moduli fulani iitike. Kerneli inatangaza jina, udev inalisikia, inalipeleka kwenye daftari, na moduli ch341 inapakiwa bila wewe kunyanyua kidole. Unaweza kuuliza mwenyewe kwa modprobe --resolve-alias na kufuatisha mfuatano ule wote. Ikijibu ch341, draiva ipo. Ikinyamaza, basi kerneli hii haina wa kumpokea mgeni huyo, na sasa unayo sababu ya kurudi kwenye menyu. Kipimo hiki cha nusu dakika kingeniokoa na aibu ya Jumatatu.

Menyu yenyewe ndiyo make menuconfig. Kabla hujaifungua, usianze na karatasi tupu. Nakili mipangilio ya kerneli inayofanya kazi sasa, cp /boot/config-$(uname -r) .config, kisha make olddefconfig ijaze yaliyoongezeka katika toleo jipya kwa majibu ya kawaida. Ukitumia mipangilio ya Debian au Ubuntu, kukompaili kunaweza kukwama mapema kukilalamikia faili la vyeti lenye jina la debian ndani yake. Hilo si kosa lako: mipangilio ile inaelekeza kwenye vyeti vya waliotengeneza toleo, ambavyo wewe huna. Amri scripts/config --disable SYSTEM_TRUSTED_KEYS inatosha, na kwa Ubuntu ongeza --disable SYSTEM_REVOCATION_KEYS. Ndani ya menyu kitufe cha mkwaju, /, kinatafuta chochote kwa jina; kitumie, maana kupekua matawi yale kwa macho ni kazi ya kifungo.

Chini ya Device Drivers utakutana na tawi linaloitwa Plug and Play support. Hapa ndipo wengi hukosea kwa namna mbili zinazopingana. Wengine wanadhani ndiyo swichi ya kila kitu kinachochomekwa, kwamba USB nayo inategemea hapo. Sivyo. USB na PCI zina utambulisho wake wenyewe na hazipiti hapo. Wengine wanadhani ni mabaki ya miaka ya 1990 na wanataka kuling'oa. Nao wanakosea, ingawa historia inawapa kisingizio.

Historia yenyewe ni tamu. Zamani kila kadi uliyoingiza kwenye nafasi ya ISA ilihitaji laini yake ya mkatizo, yaani IRQ, na laini zilikuwa 16 tu, 0 hadi 15, nyingi zikiwa zimeshachukuliwa. Poti ya siriali ya kwanza ilikaa 4, ya printa 7, kadi ya sauti kwa kawaida 5. Ulipanga kwa kuhamisha vijipini vidogo kwenye kadi, na kadi mbili zikigongana, moja ilikufa ganzi au zote. Ndipo Intel na Microsoft wakatoa kanuni za Plug and Play kwa ISA, toleo 1.0a likiwa la 1994. Tatizo lilikuwa hili: kadi zote zimekaa kwenye njia moja, hakuna mwenye namba ya chumba, utaziita vipi moja moja?

Walitatua kwa mchezo ninaoupenda mpaka leo. Kompyuta inaandika ufunguo wa baiti 32 kwenye poti 0x279, na kadi zote zinaamka. Kila kadi ina kitambulisho cha biti 72, ikiwemo baiti moja ya kuhakiki. Kompyuta inakisoma biti kwa biti. Kadi ambayo biti yake ni 1 inasema, 0x55 kisha 0xAA. Kadi ambayo biti yake ni 0 inanyamaza na kusikiliza. Ikisikia mwenzake amesema, inajitoa kwenye mchezo. Raundi 72 zikiisha imebaki kadi moja tu, inapewa namba, inalazwa, na mchezo unaanza upya kwa zilizobaki. Hakuna kadi iliyojua jirani yake ni nani, na bado zilijipanga foleni bila kusukumana.

Kwenye karatasi ilikuwa safi. Mtaani watu waliipa jina la utani, chomeka uombe Mungu. Na Aprili 1998, katika maonyesho ya COMDEX mjini Chicago, Bill Gates alisimama jukwaani huku mwenzake akichomeka skana ya USB kuonyesha Windows 98 inavyoitambua yenyewe. Skrini ikageuka bluu mbele ya ukumbi mzima. Kwa hiyo likikupata mbele ya wateja saba, hujatengwa.

Linux kwa upande wake ilianza kwa mkono. Kulikuwa na kifurushi kiitwacho isapnptools: unaendesha pnpdump, kinakutolea orodha ya kadi na uwezekano wake wote, unafuta alama za maoni kwenye mistari unayoitaka, unaomba. Kuanzia kerneli 2.4, iliyotoka Januari 2001, kazi hiyo ikaingia ndani ya kerneli yenyewe.

Leo swichi ya ISAPNP huioni hata ukiitafuta kwenye kerneli ya kawaida ya biti 64, kwa kuwa inahitaji ISA iwashwe, na ISA ya x86 imeachiwa kerneli za biti 32. Kama bado unatunza kompyuta ya zamani inayoongoza mashine kiwandani kwa kadi ya ISA, jenga kerneli ya biti 32, washa ISA na ISAPNP, na ukitaka laini fulani ya IRQ iachwe bila kuguswa, kuna kigezo cha kuwakia pnp_reserve_irq. Wengine wote ruka hapo.

Kilichobaki hai ni PNPACPI, na hiki kinakuhusu hata kama kompyuta yako ni ya mwaka jana. Fimwea ya ubao mama inaiandikia kerneli orodha ya vitu vilivyolehemewa juu ya ubao, vile visivyochomoka: poti ya siriali, kidhibiti cha kibodi ya zamani, saa. Majina ya vitu hivyo ni ya mtindo ule ule wa enzi za ISA, herufi tatu na tarakimu nne za heksadesimali. PNP0501 ni poti ya siriali ya aina ya 16550A. PNP0303 ni kibodi. PNP0C0A ni betri, PNP0C0D ni kifuniko cha laptopu, na ndiyo maana ukikifunga mashine inalala. Kwenye kompyuta za kawaida, ukiwasha ACPI, PNP inawashwa nayo kwa lazima, na menyu haitakuruhusu kuing'oa. Ishukuru.

Ukiona mstari wa aina hii kwenye dmesg, "00:05: ttyS0 at I/O 0x3f8 (irq = 4, base_baud = 115200) is a 16550A", ile 00:05 mwanzoni inakuambia poti hiyo ilitambulishwa na Plug and Play, haikukisiwa. Folda la /sys/bus/pnp/devices lina kila mmoja wao, na ndani ya kila folda dogo kuna faili id lenye jina na faili resources lenye anwani na IRQ alizopewa. Kwa mwenye mizani ya siriali au mashine ya kukata vinyl inayotumia poti ya nyuma, hapo ndipo pa kuanzia. Poti isipoonekana, kabla ya kulaumu kerneli ingia kwenye BIOS: mara nyingi imezimwa huko na mwenye mashine wa kwanza, ofisi fulani ya Ulaya isiyoijua tena siriali. Ukitaka kuona zaidi, acha PNP_DEBUG_MESSAGES ikiwa imewashwa, na uongeze pnp.debug kwenye mstari wa kuwakia.

Kigezo kingine cha kukumbuka ni i8042.nopnp. Kuna laptopu ambazo fimwea yake inasahau kuitaja kibodi, na kerneli inaamini neno lake: inaandika "PNP: No PS/2 controller found" na kibodi inakufa. Kigezo hicho kinaiambia kerneli iache kuuliza fimwea, iende kugonga mlango yenyewe.

Mfano wa mwisho wa majina haya ndio unaowatesa wanaojikompailia kerneli za laptopu, nao ni padi ya kugusa. Ilikuwa inafanya kazi kwenye kerneli iliyokuja na mfumo, kwenye yako imekufa, na umewasha kila kitu chenye neno mausi. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hazina padi ya PS/2 wala USB. Padi imekaa kwenye njia ya I2C, na fimwea inaitambulisha kwa jina PNP0C50. Ili ipokewe unahitaji wenyeji kadhaa kwa mpigo: I2C_HID_ACPI inayoijua padi, HID_MULTITOUCH inayoelewa vidole vingi, I2C_DESIGNWARE_PLATFORM inayoendesha njia yenyewe, kwa mashine nyingi za Intel MFD_INTEL_LPSS_PCI inayomfichua huyo aliyetangulia, na draiva ya PINCTRL ya kizazi cha chipu yako. Hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika, kwa sababu jina lake halifanani na padi hata kidogo. Kazi yake ni kupeleka ule mkatizo unaosema kidole kimegusa. Ukikosa mmoja kati yao hupati ujumbe wa hitilafu. Unapata ukimya.

Baada ya kujua nani awepo, swali ni akae wapi. Menyu inakupa y, kujengwa ndani ya kerneli, au m, moduli ya kupakiwa baadaye. Mimi nina kawaida hii: kinachohitajika ili kuifikia diski yenye mfumo ni y, kinachokuja na kuondoka ni m. Kwa hiyo SATA_AHCI au BLK_DEV_NVME, pamoja na EXT4_FS, ni y. Ukikosea hapo na huna initramfs, ule mfumo mdogo wa muda unaopakiwa kabla ya diski, utasalimiwa na "VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)" na kerneli itasimama hapo. Na ukiwasha bila initramfs, taja diski kwa PARTUUID badala ya /dev/sda1, kwa sababu siku utakapoacha flashi imechomekwa, sda inaweza kuwa ndiyo flashi. UUID ya kawaida kerneli peke yake haiijui. Hiyo hutafsiriwa na initramfs.

Usidhani y ni bora kila mahali kwa kuwa "iko ndani". Draiva za Wi-Fi huhitaji faili la fimwea kutoka /lib/firmware. Ukiijenga iwlwifi ndani, itaamka na kulitafuta faili hilo kabla diski haijafunguliwa, itakosa, na utaona "failed with error -2", maana yake faili halipo. Faili lipo, ila mlango wa chumba lilimo haujafunguliwa bado. Iweke m, imekwisha. Na kama ni m na bado unaona -2, basi kweli huna kifurushi cha fimwea. Tangu Debian 12 ya Juni 2023, fimwea hizo huja ndani ya diski rasmi ya kusakinishia. Kwa matoleo ya nyuma ya Debian unaziongeza mwenyewe. Laptopu mpya zinazokataa kutoa sauti nazo mara nyingi zina ugonjwa huu huu, na dawa yake inaitwa firmware-sof-signed.

Kuna mtego mdogo wa kibodi. Kama diski yako imefungwa kwa nywila inayoulizwa mwanzoni, kibodi ya USB inapaswa kuwa hai ndani ya initramfs. Ikiwa USB_XHCI_HCD na USB_HID ni moduli na hazikuingizwa humo, utaona kisanduku cha nywila na usiweze kuandika hata herufi moja. Na wewe fundi unayehamisha diski kutoka mashine hii kwenda ile, tazama /etc/initramfs-tools/initramfs.conf: MODULES=most hubeba draiva nyingi, MODULES=dep hubeba za mashine ile tu. Diski yenye dep ukiihamisha inaweza kukataa kuwaka kwa mwenyeji mpya.

Udev nayo ina mahitaji yake kwenye kerneli, na waliozoea kupunguza hupunguza haya: DEVTMPFS na DEVTMPFS_MOUNT, INOTIFY_USER, SIGNALFD, EPOLL, na NET. Hiyo NET inashangaza. Mtu anajenga kerneli ya mashine isiyo na mtandao, anazima mtandao wote, kisha hakuna kifaa kinachotambuliwa. Kumbe tangazo la "kuna mgeni" husafiri kutoka kerneli hadi udev kwa njia ya netlink, ambayo ni sehemu ya mtandao. Umemkata mjumbe.

Lakini kuna siku kila mmoja atakuwepo na bado kitu hakifanyi kazi, kwa sababu mgeni amepokelewa na asiye mwenyeji wake. Rudi kwenye waya wetu wa 1a86:7523. Ukiuchomeka kwenye Ubuntu 22.04 iliyotoka dukani, unaweza kuona ttyUSB0 inatokea, na sekunde ileile inatoweka. Dmesg inasema kuna brltty. Hiyo ni programu ya maana sana, inayowawezesha wasioona kusoma kwa vifaa vya nukta nundu, na baadhi ya vifaa hivyo hutumia chipu ileile yenye jina lilelile. Kanuni yake ndani ya udev inasikia jina, inadhani ni wake, inaubeba. Kama hakuna mwenye kuihitaji kwenye mashine hiyo, ondoa kifurushi. Kama yupo, nakili faili la kanuni, 85-brltty.rules, kutoka /usr/lib/udev/rules.d hadi /etc/udev/rules.d, ufute mstari wa namba hiyo kwenye nakala tu. Nakala ya /etc ndiyo inayosikilizwa, na haitafutwa siku ya kusasisha.

Modemu zetu za mitandao ya simu zina vituko vyao. Ukiichomeka, inapiga hodi ikidai ni sidii. Kweli kabisa: inajionyesha kama kisoma sidii chenye programu ya kusakinisha kwa watumiaji wa Windows. Modemu ya Huawei itasema 12d1:1446. Programu iitwayo usb_modeswitch inaitumia ujumbe mfupi, modemu inajichomoa yenyewe bila kuguswa, inavua kanzu, inarudi na jina jipya, kwa mfano 12d1:1001, na safari hii ni modemu. Anayempokea huyu wa pili ni draiva iitwayo option. Kwenye menyu iko USB support, kisha USB Serial Converter support, kisha USB driver for GSM and CDMA modems. Ongeza PPP na PPP_ASYNC. Kosa la kawaida ni kutafuta draiva ya jina la kwanza, wakati jina la kwanza halihitaji draiva, linahitaji kubadilishwa.

Narudi kwa localmodconfig, maana sijasema uiache. Itumie vizuri. Nenda mahali kompyuta inapofanyia kazi, siyo sebuleni kwako. Chomeka kila kitu, hata kile kinachotumika mara moja kwa mwezi. Chapisha risiti moja, unganisha intaneti kwa modemu, ndipo uandike lsmod > orodha.txt. Baadaye popote ulipo andika make LSMOD=orodha.txt localmodconfig. Ukitaka matawi fulani yasiguswe kabisa, ongeza LMC_KEEP="drivers/usb:drivers/hid" kabla ya neno la mwisho. Ukimaliza, make modules_install ndiyo inayoandika lile daftari la majina kwa kuita depmod. Ukinakili moduli kwa mkono na kusahau depmod, draiva itakuwepo na hakuna atakayeiita. Na kama Secure Boot imewashwa kwenye mashine, ama utie saini kerneli yako ama uizime, la sivyo haitaruhusiwa hata kuwaka.

Wengi wenu hamhitaji kufanya lolote kati ya haya. Moduli isiyopakiwa haili RAM. Inakaa tu kwenye diski, na kerneli iliyokuja na mfumo imeshabeba karibu kila draiva niliyoitaja. Kompaili ya kwako ukiwa na sababu: kifaa kipya kinachohitaji toleo jipya, mashine ndogo mno, au hamu ya kujifunza, ambayo nayo ni sababu halali. Ile kasi niliyojisifia usiku wa Jumamosi nilikuja kuipima kwa systemd-analyze blame, nikagundua sehemu kubwa ilitokana na huduma moja ya kusubiri mtandao niliyokuwa nimeizima njiani. Kuinyoa kerneli kulikuwa kumeokoa kiasi kidogo sana.

Siku ile dukani niliokolewa na kitu kimoja tu: sikuwa nimefuta kerneli ya zamani. Nikazima, nikawasha, nikashikilia Shift mpaka menyu ya GRUB ikatokea, nikachagua Advanced options, nikashuka kwenye toleo la nyuma. Modemu ikavua kanzu yake, printa ikatema risiti ya majaribio. Ndani ya kasha la kompyuta ile sasa kuna karatasi niliyoibandika kwa solotepu, mwandiko wangu mbaya na wino wa bluu: 1a86:7523, printa, ch341. 12d1:1446 halafu 12d1:1001, modemu, option. Skana, usbhid. Chini yake nimeandika tarehe, na jina la kerneli isiyofutwa.